Chumba Kilichomngoja Mpimaji

Mawe yaliletwa na lori kutoka machimbo ya Kalimoni kabla ya mvua ndefu kuanza, na dereva akayamwaga uani nyuma ya duka bila kumuuliza mtu yakae wapi. Yalikuwa mawe mazuri ya kijivu, yamechongwa pande zote. Wakati wa chakula cha mchana nilikwenda nikakalia moja, nikayatazama mengine kwa furaha ambayo siwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kulala chumba kimoja na wanaume watatu wanaokoroma. Mawe yale yalikuwa chumba changu. Kilichobaki ni mtu wa kuyapanga.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, nami nilikuwa fundi wa nguo mjini Thika. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja mzee, pale pembeni ambapo barabara ya stesheni ilikutana na barabara ya sokoni. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho mkononi, akanikuta mlangoni nimejivika tepu shingoni. Mhindi hakunitoza chochote kwa kukaa pale. Yeye alipata wateja kwa ajili yangu, nami nikapata wateja kwa ajili yake, tukaishi hivyo miaka bila kuandikishana.

Nilikuwa nimetoka Maragoli, nimeoa mwaka mmoja tu kabla ya kuja. Mke wangu alibaki kwa mama yangu akilima. Mimi nililala kwenye landhi, zile nyumba za mistari za wafanyakazi, pamoja na watu watatu wa kwetu waliofanya kazi kwenye kiwanda cha mananasi. Mke haletwi mahali kama hapo. Hatukuwa tumepata mtoto, na mama mkwe wangu alikuwa ameanza kulisema jambo hilo mbele ya watu, tena kwa sauti.

Mhindi aliyajua haya yote kwa sababu nilimwambia. Mimi ni mtu wa kusema, na zaidi ya kusema ni mtu wa kuuliza. Siku moja akaacha kukunja kitambaa akaniambia, "Fundi, mimi nitajenga chumba moja huku nyuma. Wewe leta mama. Fundi iko na bibi yake hapa, hapana taka kwenda nyumbani mwezi mzima Krismasi." Krismasi ndiyo iliyokuwa na wateja wengi, kwa hiyo wema wake ulikuwa na hesabu ndani yake, lakini sikuuchunguza. Nilimwandikia mke wangu jioni ile ile kwamba ajiandae.

Juma moja baada ya mawe kufika, Mhindi alirudi kutoka kwenye mkutano wa wenye maduka na uso uliokunjamana. Akaenda uani, akayazunguka mawe, akaniita.

"Hapana jenga," akasema. "Ngoja kwanza. Pimaji anakuja."

Nilimuuliza mpimaji gani, naye akanieleza kwa subira, kwa sababu alijua asiponieleza sitashona. Kila mwenye kiwanja alilipa reti kwa ofisi ya mji kila mwaka, kufuatana na thamani ya kiwanja chake. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba thamani yenyewe haikai mahali pamoja. Kila baada ya miaka kadhaa ofisi humleta mtu aliyesomea kazi hiyo azunguke mji mzima na kuandika upya, kwa sababu mji unakua, na mahali palipokuwa pa fisi babu akiwa hai huenda leo pana stesheni mlangoni. Cheo chake ni mthamini. Mtaani tulimwita mpimaji, kwa kuwa tulisikia kwamba hutembea na mnyororo wa kupimia.

"Akikuta chumba mpya," Mhindi akasema, "anaandika chumba. Kwisha andika, hapana futa tena. Akipita, siku hiyo hiyo tunajenga."

Nilimwelewa. Niseme kweli, niliona ni ujanja mzuri. Nilikwenda kumwandikia mke wangu barua nyingine, kwamba chumba kipo, mawe yapo, tunamngoja tu mtu mmoja wa serikali apite, na ni mwezi ujao.

Mpimaji hakuja mwezi ujao. Hakuja mwaka ule.

Naomba msomaji anielewe kwamba hatukuwa peke yetu. Mtaa mzima wa madukani ulisimama ukimngoja. Mwenye duka la vyombo aliacha kupaka rangi. Kinyozi wa jirani alikuwa na dirisha la kioo, akaliweka chini ya kitanda. Paa letu lilianza kuvuja juu ya baraza, palepale juu ya cherehani, nami nikamwonyesha Mhindi. Akatazama tundu kwa upendo kabisa. Paa bovu, alisema, ni rafiki yetu mpaka mpimaji aende. Akaniletea karai la kukinga maji, na mvua ikinyesha nilishona nikisikiliza matone yakigonga karai, nikilisogeza kwa mguu kila upepo ulipobadilika.

Mke wangu hakujua kusoma, hivyo barua zangu zilisomwa na mwalimu wa kanisa. Kwa sababu hiyo sikuweza kumwandikia mambo ambayo mume humwandikia mkewe. Niliandika kuhusu mpimaji. Mwalimu alisoma kwa sauti ya mimbari, nyumba nzima ikasikia, na majirani, na kabla ya miezi sita kanisa lote lilijua kwamba Thika kuna mtu wa serikali anayeitwa mpimaji, na kwamba asipofika ndoa yetu haitakwenda mbele. Niliporudi kwa likizo fupi mwaka wa kwanza niliwakuta wakimwombea. Mzee wa kanisa alisimama, akafumba macho, akamwomba Mungu amwongoze mpimaji wa Thika katika njia zake na kumharakisha. Nilisema amina pamoja na wengine. Mke wangu alikuwa upande wa wanawake, na nilipofumbua macho nikamwona ananitazama.

Usiku ule aliniuliza kama kweli mtu huyo yupo. Nikamwapia. "Mama anasema barua haizai mtoto," akasema, kisha akageukia ukutani.

Nilirudi Thika nikiwa na uchungu, na uchungu wangu wote nilimtupia mpimaji, mtu nisiyemjua hata kwa kivuli. Nilianza kumfikiria. Anatazama nini? Anajuaje kwamba nyumba hii ina thamani hii na ile ina ile? Mimi nikimpima mtu kifua najua nitakata kitambaa kiasi gani. Yeye akimaliza kupima anakata nini? Nilimuuliza kila niliyeweza kumuuliza barazani, maana mtu aliyeinua mikono apimwe hawezi kukimbia maswali. Mwashi alisema mpimaji huhesabu mawe ya ukuta. Mpishi wa mzungu mmoja alisema hunusa jikoni. Dereva wa lori la katani alisema wanapima kwa kutumia simu.

Kati ya wateja wangu alikuwamo karani wa ofisi ya mji, mtu mpole aliyekuwa mwembamba alipoajiriwa na ambaye kazi ya kukaa ilikuwa inamfanyia vizuri. Nilimshonea suruali mwaka wa kwanza wa mawe, na mwaka wa pili akairudisha niipanue kiuno. Nilipokuwa nikimpima mara ile ya pili aliniambia kwamba ofisini kwao kuna kabati la ramani, na kwamba Thika nzima imechorwa kwenye karatasi, kila kiwanja na namba yake, mipaka tu, bila nyumba hata moja. Jambo hilo lilinisisimua sana. Nilimuuliza karatasi ina ukubwa gani, na kama mto umechorwa, na kama ni wino wa rangi gani. Alinijibu yote, akalipa, akaenda.

Mwaka huo huo wa pili, habari zikaja kwamba mpimaji yuko Ruiru. Mhindi alikuwa na shemeji yake kule, mwenye duka la unga na mafuta karibu na reli. Asubuhi akaniambia nifunge cherehani, akanipa kifurushi cha vitu vitamu vya kwao na nauli ya gari moshi. "Uliza shemeji, yule mtu natazama nini. Kila kitu. Wewe unajua kuuliza."

Nilikwenda kwa furaha kuliko nilivyowahi kwenda harusini. Shemeji yake alinipokea vizuri, akaniletea chai, akanitoa nje hadi mbele ya duka lake na kunisimamisha mahali fulani barabarani.

"Hapa," akasema. "Simama hapa. Yeye simama hapa hapa, inua kichwa, tazama paa yangu. Tazama sana. Halafu andika."

Nikasimama hapo, nikainua kichwa. Niliona mabati yenye kutu kidogo. Juu ya mabati kulipita waya wa umeme kuelekea kwenye nguzo, na juu ya waya alikuwa amekaa kunguru. Nilitazama kwa makini, kama nilivyotumwa, mpaka shingo ikauma. Mbali kidogo, kwenye kivuli cha ghala la kahawa, nilimwona mzungu mfupi mwenye kofia pana amekaa juu ya sanduku akimenya chungwa, ramani imekunjwa pembeni yake. Shemeji akasema ndiye yeye.

Zilikuwa hatua hamsini hivi kati yangu naye. Sikwenda. Siku zile Mwafrika hakumfuata mzungu akila chungwa lake akamuuliza kuhusu kazi yake, na askari walikuwa hawako mbali. Hiyo ni sababu ya kweli. Nyingine ni kwamba nilidhani jibu ninalo tayari.

"Anatazama paa," nilimwambia Mhindi niliporudi.

Alifurahi kiasi kwamba aliniongezea karai la pili.

Mwaka wa tatu, mahindi ya kwetu yakiwa yanafika magotini, nilipata barua yenye mwandiko wa mwalimu wa kanisa lakini kwa maneno ya mke wangu. Niliyatambua maneno yake kwa sababu yalikuwa machache. Alisema ananisalimu. Alisema amechoka kuulizwa na watu kama mpimaji hajambo. Alisema mahindi yakivunwa kama bado hakuna chumba atarudi kwa baba yake, na kwamba hana hasira. Nilisoma barua ile nimesimama kati ya makarai mawili. Kati ya hayo mawili, hasira na kurudi kwa baba yake, ningependelea hasira.

Na mwezi ule, kana kwamba mzee wa kanisa amesikilizwa, tukaambiwa: Jumanne, mtaa wa madukani.

Jumatatu mtaa ulifanya kazi ambayo sijapata kuiona tena. Mwenye duka la vyombo alizipaka masizi kuta zake nyeupe kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye hakuruhusu mteja aegemee. Kinyozi aling'oa mlango wake mzuri na kuning'iniza gunia. Jirani yetu, mwenye jengo la ghorofa la pekee mtaani, hakuweza kuficha ghorofa, akahangaika mchana kutwa, mwisho akaanika magodoro mabovu kwenye kila dirisha. Mawe yangu tuliyafunika kwa majani makavu ili yaonekane ni chakula cha ng'ombe, ingawa ng'ombe hatukuwa naye. Kisha Mhindi akaniletea shati lililochanika bega nilivae kesho.

Nilikataa. Nilimwambia fundi wa nguo akivaa tambara barazani anajitukana yeye na mwenye duka. Tukabishana mpaka mke wake, mama mwenye nyumba, akatoka, akasikiliza, akacheka, akalichukua shati na kulifanya la kufutia taa.

Mpimaji alikuja saa tatu asubuhi, yule yule wa chungwa, akiwa peke yake na ubao wenye ramani. Mshika mnyororo wake alikuwa ameshikwa na malaria. Akapita baraza moja, ya pili, akafika kwangu, akaiona tepu shingoni.

"Wewe," akasema. "Unajua kupima?"

"Watu, Bwana."

"Watu, kiwanja, ni moja. Kuja."

Mhindi alikuwa mlangoni. Alinikonyeza kwa macho yote mawili, nami nikatoka nikashika ncha ya mnyororo. Tulipima mbele ya duka, kutoka pembe hadi kwa jirani. Tukapima ubavuni, kufuata barabara ya sokoni. Akaandika. Nilimngoja ainue kichwa aone paa letu bovu, nikajisogeza upande ili nisimzibe. Akainua kichwa. Nikayafuata macho yake kwa uangalifu wa mtu anayemfuatilia nyoka, na macho hayakutua kwenye paa. Yalipita juu. Yalitua kwenye waya wa umeme. Kisha yakashuka hadi kwenye bomba la maji ng'ambo ya barabara, yakaenda stesheni, yakarudi kwenye ubao. Akaandika tena, akaanza kukunja mnyororo.

Hakuwa ameingia ndani. Hakuwa amekwenda uani. Majani makavu yalikuwa yamekaa pale bure kabisa.

Kama ningenyamaza ningepasuka. "Bwana," nikasema, "hutaki kuona nyumba?"

"Nyumba hapana kazi yangu."

"Na paa?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Nafikiri hakuzoea kuulizwa. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha lakini taratibu, kwamba anaandika ardhi tu. Iko wapi, ina mbele ya futi ngapi, iko pembeni au katikati, barabara iko, maji iko, umeme iko, na watu wananunua kiwanja cha karibu nayo kwa bei gani. "Ghorofa, banda, ni sawa sawa. Mimi natazama kama juu hakuna kitu. Majani tu. Unafahamu?"

"Tangu zamani ni hivyo?"

"Hapa Kenya, tangu zamani."

Akaenda kwa jirani, nami nikamshikia mnyororo mpaka mwisho wa mtaa, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa na kwa sababu, nikubali, nilitaka kuona. Nilijaribu kutazama kama yeye. Niliondoa ghorofa la jirani na magodoro yake. Niliondoa duka, na baraza, na cherehani. Yakabaki majani na upepo na sisi wawili tumesimama na mnyororo, na huko nyuma, pahali pa chumba changu, majani vilevile. Ilikuwa ni namna ya kuona ambayo sikuwa nimeijua, na kwa dakika chache niliipenda, mpaka nikakumbuka kwamba mawe yale yangeweza kuwa ukuta tangu miaka miwili iliyopita na mtu huyu angepita vilevile bila kugeuza shingo.

Mhindi hakuniamini. Alisema nimedanganywa, wazungu hawasemi siri yao kwa mshika mnyororo. Hakuamini mpaka siku daftari jipya la viwanja lilipowekwa ofisini wazi, kila mwenye kiwanja akaone na kulalamika kama ana la kulalamika. Tulikwenda wote wawili. Karani wangu alilifungua, akateremsha kidole hadi kwenye namba yetu. Ukubwa wa kiwanja. Thamani ya ardhi. Basi. Hakukuwa na paa, wala baraza, wala chumba. Na thamani yetu ilikuwa kubwa kuliko ya jirani mwenye ghorofa, kwa sababu yeye alikuwa katikati na sisi tulikuwa pembeni, penye barabara mbili.

Mhindi aliomba asomewe mara ya pili. Tulipofika barazani alikaa kwenye kiti cha wateja, akayatazama makarai mawili, moja baada ya jingine.

"Sasa reti imepanda," akasema mwisho. "Fundi, chumba hapana. Siwezi."

Mahindi ya kwetu yalikuwa yameanza kukauka. Nilikuwa nimehesabu siku zote isipokuwa hiyo. Nilikuwa karibu kumwambia maneno ambayo yangenitoa kwenye baraza ile maisha. Badala yake nikamwomba aje uani.

Nikayafagia majani makavu kutoka kwenye mawe. Nikavua tepu shingoni, nikapiga magoti, nikapima mahali pote ambapo sakafu ya chumba ingekuwa kwa tepu ya nguo, inchi kwa inchi, naye amesimama ananishangaa. "Bwana," nikamwambia, "hapa unalipia. Hii ardhi yote ya nyuma, mwaka jana ulilipia, mwaka huu unalipia zaidi. Ikiwa na chumba, unalipa hiyo. Ikiwa na majani, unalipa hiyo hiyo. Unalipia majani. Na huna ng'ombe."

Akayatazama magugu. Alikuwa mfanyabiashara tangu utotoni, na nilimwona akilipokea lile neno na kulipeleka kwenye akili ile aliyoitumia kuuza kitambaa.

"Na paa pia," akasema polepole. "Paa pia ningetengeneza."

"Tangu mwaka ule."

Alikaa siku tatu bila kusema nami isipokuwa habari ya uzi. Siku ya nne alituma mtu Kalimoni kumwita fundi wa mawe. Fundi yule, mzee wa Kikuyu, alichelewa siku mbili akingoja ruhusa ya kutoka kwao, kwa kuwa siku zile Mkikuyu hakusafiri bila karatasi. Alipofika aliyagonga mawe kwa nyundo, akasema, "Haya mawe rimekaa sana. Nani alikuwa anarala juu yake?" Nilimjibu kwamba ni mimi. Akajenga chumba kwa muda wa majuma matatu, na kwa mabati yaliyobaki akaziba paa la baraza. Nikapeleka nauli kwa mwalimu wa kanisa, pamoja na barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Mke wangu alishuka stesheni akiwa na kikapu kimoja na mkeka. Alikuwa amekonda. Nilimpeleka moja kwa moja uani, nikafungua mlango, nikasimama nje ili aingie kwanza. Alizungukazunguka, akagusa kuta, akatazama juu. Akaweka kikapu chini.

"Mpimaji alikionaje?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na muda wa kutosha kati ya swali na jibu. Nikamwambia yote: waya, bomba, majani, daftari. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Hakukitazama."

"Hakutazama nyumba yoyote."

"Kanisa zima tulimwombea," akasema. "Mimi nilifunga, siku mbili."

Aligeuka asinionyeshe uso, na kwa kuwa chumba hakikuwa na kitu, macho yake yalikwenda kwenye suruali kubwa niliyoitundika kwenye msumari, ikingoja kupanuliwa. Akaishika kiunoni, akaifungua kwa mikono miwili.

"Ya nani hii?"

"Ya karani wa ofisi ya mji."

"Ofisi gani? Ya mpimaji?"

"Ndiyo."

"Ofisi iko mbali?"

Nilimwonyesha kwa mkono. Ilionekana kutoka mlangoni, paa lake la vigae, ng'ambo ya soko.

"Na huyu unamjua tangu lini?"

"Hii ni mara ya tatu nashona suruali yake," nikasema. "Mara ya kwanza ilikuwa mwaka ule wa mawe."

Aliketi kwenye mkeka wake uliokuwa bado umekunjwa, suruali ya karani juu ya magoti. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na hata leo, nikiwa mzee, nikikumbuka yanawaka. Mimi niliyemuuliza dereva wa katani, na mpishi, na mwashi. Mimi niliyepanda gari moshi hadi Ruiru kwenda kuuliza.

"Alikuwa anasimama mbele yako," akasema, "mikono juu."

"Ndiyo."

"Na wewe ulimuuliza nini?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa hakuna kingine kilichobaki. "Nilimuuliza ramani zao zimechorwa kwa wino wa rangi gani."

Alilai­nisha mikunjo ya suruali kwa kiganja. Nilisikia cherehani ya mtu mwingine mtaani, na mama mwenye nyumba akiita kuku.

"Rangi gani?" akauliza.

"Bluu," nikasema. "Mipaka ni nyekundu."